Hesabu ya Kurudi

Manyoni alizeti huvunwa mvua zikishakatika, na ikifika Juni magunia yameanza kwenda kwenye mashine za kukamua mafuta. Mwezi huohuo shule hufungwa. Ndiyo maana mtu wa huku akiamua kuipeleka familia yake ikaione bahari, mara nyingi huipeleka kati ya Juni na Agosti: fedha ipo kidogo, watoto wako nyumbani, na shambani hakuna palizi. Uamuzi huo una busara zote za bara, ila una kasoro moja kubwa. Huo ndio msimu wa kusi, upepo wa kusini na kusini-mashariki, ambao kwa watu wa pwani ni majira ya bahari nzito. Tunafika Unguja kwa siku tatu au nne. Tunataka kisiwa cha Changuu, tunataka fungu la mchanga la Nakupenda, tunataka pomboo wa Kizimkazi, tunataka kisiwa cha Mnemba, na kila kimoja tumekipangia siku yake tukiwa bado Manyoni. Miaka ya kushiriki kupanga safari za namna hii, za familia, za walimu na za wanafunzi, imenifikisha kwenye jambo moja ninaloliamini na ambalo nataka kulitetea: safari ya kutwa kwa mashua hupangwa kuanzia kurudi. Anayeanza kwa kuuliza tutaona nini ameanza na swali la mwisho. Swali la kwanza ni chombo kitaturudisha saa ngapi, kwa upepo gani na kwa maji gani. Jibu lake ndilo liamue kama tutakwenda, tutakwenda wapi, na kwa chombo kipi.

Udogo wa safari hizi ndio unaotudanganya. Mtu akipanda meli kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi, anakata tiketi yenye jina lake na kupita kwenye ukaguzi, na kwa kawaida anaonyeshwa namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Akisimama Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, akaambiwa Changuu ni nusu saa tu, na kisiwa chenyewe anakiona kwa macho, anajisikia hana cha kuuliza. Lakini majini umbali haujawahi kuwa kipimo cha hatari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria mchana, kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati la Bwisya kisiwani Ukara. Kilikuwa kimeidhinishwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama mchana karibu na kisiwa cha Chumbe, sehemu kubwa ya safari yake ikiwa imekwisha. Meli hiyo iliundwa mwaka 1989 kwa ajili ya maji yenye kinga ya jimbo la Washington, Marekani. Kusi ya Julai katika mkondo wa Zanzibar ni bahari nyingine kabisa. Sivitaji vifo hivyo ili watu waogope maji. Navitaja kwa sababu ajali zote mbili zilitokea mchana, karibu na nchi kavu, katika safari ambazo abiria walikuwa wakiziona za kawaida. Kama ukaribu na mwanga vingekuwa kinga, watu wale wangekuwa hai.

Basi tuanze na maji, maana ndiyo yenye hesabu ya uhakika zaidi. Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo siku moja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kadhaa, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya juu na chini hufikia mita nne hivi. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba siku za bamvua zina saa zake, na saa hizo hujirudia mwezi hadi mwezi: maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi hujaa na alasiri hupwa. Anayejua hilo ameshajua nusu ya safari yake. Nakupenda, lile fungu la mchanga mweupe mbele ya Mji Mkongwe, ni nchi ya muda. Siku ya bamvua unaliona asubuhi likiwa pana, watu wakitandika vyakula juu yake, na alasiri pale palipokuwa na meza pana maji ya kuogelea. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, bahari hutoka mbali mno ndani ya mwamba, mashua zikabaki zimelala ubavu juu ya mchanga zikisubiri, na hakuna fedha itakayozifanya zielee kabla ya wakati wake. Kina mama wanaolima mwani huko, zao lililoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989, hupanga kazi yao yote kwa bamvua, kwa sababu ndipo maji hutoka vya kutosha kufikia vigingi na kamba zao. Hawaulizi leo ni Jumatatu au Jumanne. Wanauliza mwezi ni wa ngapi.

Na mwezi huo ndio huuhuu unaoonekana Manyoni. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mtu wa bara hawezi kujua mambo ya bahari mpaka afike. Mtu akitoka nje usiku kwake Majengo au kijijini Solya, akaona mwezi wa duara kamili, anajua kwamba asubuhi ya saa nne ufukwe wa Unguja uko wazi na kwamba alasiri maji yatakuwa juu. Hahitaji simu kwa hilo. Anaweza kuchagua wiki ya safari yake kwa kuangalia juu tu, kama anavyochagua siku ya kuanika mazao kwa kuangalia mawingu.

Upepo ni mgumu zaidi, lakini nao hauji bila taarifa. Kaskazi huvuma kuanzia mnamo Desemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na kati yake kuna maleleji, vipindi ambavyo upepo unageuka na bahari mara nyingi hutulia. Kusi inapokaza, upande wa magharibi wa Unguja hupata kinga ya kisiwa chenyewe, kwa hiyo Changuu, Bawe na Nakupenda huendeka siku ambazo bahari iliyo wazi haifai hata kufikiriwa. Tena upepo wa asubuhi si upepo wa alasiri. Jua likipanda na nchi kavu ikipata joto, upepo huongezeka, na chombo kilichokwenda saa mbili asubuhi juu ya maji laini kinaweza kurudi saa tisa kikipigwa ubavuni njia nzima. Hii ndiyo sababu kuu ya kusema kwamba safari hupimwa kwa kurudi. Abiria huamua akiwa ufukweni asubuhi, wakati ambao bahari iko katika sura yake nzuri kuliko zote za siku hiyo. Bahari atakayorudi nayo bado hajaiona. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, na mara nyingi inapotoa tahadhari kwa ukanda wa pwani na visiwa vyake hutaja upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofika mita 2. Mtu wa bara husikia mita mbili akaona ni kitu kidogo. Asimame kando ya mlango wa nyumba yake: mita mbili ndicho kimo cha mlango. Kisha aende aangalie ubavu wa ngalawa, ule uliobaki juu ya maji watu wakishakaa, aone kama unamfika hata gotini.

Hesabu ya namna hii si ngeni kwa nchi yetu, ingawa tumeisahau. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Unyamwezi ilipita Ugogo, ikafika Mdaburu, na baada ya Mdaburu ikaingia Mgunda Mkali, lile pori la miiba na vichaka ambalo sehemu yake bado tunaipita tukielekea Itigi. Richard Burton na John Speke walilivuka mwaka 1857, na baada yao wakapita wengine wengi, wote wakibebewa mizigo na wapagazi walioijua njia kuliko wao. Pori lile halikupimwa kwa maili. Lilipimwa kwa maji: kisima kilipo, ziwa la msimu lilipo, na kama bado lina kitu. Palipokuwa na umbali mrefu usio na maji, msafara ulifanya terekeza: watu walipika na kula kabla ya adhuhuri, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakatembea hadi usiku, wakalala pasipo na maji, na alfajiri wakaendelea hadi kwenye kisima kinachofuata. Hakuna kiongozi wa msafara aliyeondoka Mdaburu kwa kuwa siku yake ya kuondoka ilikuwa imefika. Aliondoka kwa sababu alijua atakunywa wapi. Babu zetu waliouza nafaka na maji kwa misafara hiyo waliiona hesabu hii kila msimu. Kwa hiyo tunaposhuka pwani na kujifanya hatujui lolote kuhusu safari inayotegemea maji na majira, tunajidharau bila sababu.

Watu wengi hujibu kwamba hayo yalikuwa ya matanga, na kwamba injini imemaliza habari ya upepo. Ni hoja yenye nguvu, kwa sababu kweli injini imebadilisha mengi. Jahazi lililosubiri wiki tatu upepo ugeuke leo lina mashine nyuma na linaondoka kesho. Lakini injini hubadilisha kitu kimoja, mwendo. Haibadilishi kimo cha wimbi, haiongezi maji juu ya mwamba, wala haiongezi ubavu wa chombo kilichojazwa watu kupita kiasi. MV Skagit ilikuwa na injini. MV Nyerere ilikuwa na injini. Isitoshe, mashua nyingi za kutwa zina mashine moja tu ya kuning'iniza nyuma, na mashine ikizimika kwenye kusi, chombo kisicho na tanga wala kasia ni kigogo kinachoelea. Ndiyo maana kila ninapoulizwa ushauri husema abiria watazame kwanza kama mashua ya mashine imebeba tanga lake. Nahodha aliyechukua tanga siku ya safari ya nusu saa amekuonyesha, bila kusema neno, kwamba ameshafikiria kurudi.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Ugiriki, nchi ambayo duniani kote ni mfano wa likizo za visiwani, ina upepo wake wa kaskazini uitwao meltemi, na upepo huo huvuma kwa nguvu hasa Julai na Agosti, miezi ileile ambayo wageni hufurika kwenye visiwa vya Bahari ya Aegean. Kama sisi na kusi yetu, wao pia likizo yao imegongana na upepo. Mamlaka za bandari huko zina desturi ya kuzuia vyombo kutoka upepo unapofikia kiwango fulani, na wageni waliolipia hukaa bandarini wakisubiri. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Delos, kisiwa kidogo karibu na Mykonos ambacho chote ni magofu ya kale, na tangu 1990 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni haruhusiwi kulala Delos. Kila anayekwenda ni lazima arudi siku hiyohiyo, na boti ya mwisho ikiondoka hakuna nyingine. Kwa hiyo ziara nzima hupangwa kutoka kwenye boti ya mwisho kurudi nyuma: itaondoka saa ngapi, tutembee kwa muda gani, tushuke saa ngapi, na kama bahari imechafuka, haiendeki kabisa. Na hata wao, pamoja na taratibu hizo, walizika watu zaidi ya 80 baada ya meli ya Express Samina kugonga mwamba karibu na Paros tarehe 26 Septemba 2000. Mwamba ule haukuwa siri. Ulijulikana vizazi na vizazi.

Pingamizi la pili ni la heshima, na ndilo ninalokutana nalo zaidi. Husemwa: nahodha amezaliwa hapo, bahari anaijua kama kiganja chake, mgeni kutoka Singida ana nini cha kumwambia? Nakubali kabisa kwamba nahodha anajua. Ujuzi wake ni wa kurithi na wa kila siku, na mimi ningemwamini yeye kuliko kitabu chochote. Lakini swali si kama anajua. Swali ni kama yuko huru kufuata anachojua. Mara nyingi chombo si chake. Mara nyingi safari imeuzwa na papasi, dalali wa wageni, aliyebaki ufukweni, ambaye yeye hatapanda, na ambaye faida yake iko katika chombo kuondoka. Nahodha na mabaharia wake hulipwa kwa safari iliyofanyika. Siku isiyoendeka ni siku isiyo na mkate. Kisha mbele yake wanasimama watu kumi na tano waliotoka bara, wameshavaa nguo za kuogelea, na mmoja wao anasema kwa sauti kwamba boti ya jirani imekubali kwenda. Hapo ujuzi wa nahodha umezungukwa na fedha pande tatu. Abiria ndiye upande wa nne, na yeye peke yake ndiye anayeweza kumfungulia. Akisema mapema, kabla ya bei, kwamba nahodha akiona haifai basi safari ivunjike na malipo ya usumbufu yatolewe, amemrudishia mtu yule haki ya kutumia ujuzi wake. Kiasi hicho ni kidogo. Nimeona kwamba neno hilo likishatamkwa, mazungumzo hubadilika: nahodha huanza kusema wazi habari za upepo na maji, mambo ambayo kabla yake alikuwa anayanyamazia.

Ndani ya chombo pia kuna mambo yanayosemwa na vitu vyenyewe, kwa anayetazama. Chini kabisa ya mashua, kwenye ngama, ndipo maji yanapokusanyika, na hapo huchuchumaa baharia na upo wake, siku hizi kidumu cha plastiki kilichokatwa mdomo, akichota na kumwaga, akichota na kumwaga. Watu wa pwani wana methali: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila mtu huikariri kwa maana ya kwamba utarudi ulikotoka, lakini inafaa pia kuchukuliwa kama ilivyo. Kabla ya kukaa kwenye omo penye upepo mzuri wa kupiga picha, tazama ngama. Mbao zenye maji kidogo yanayochotwa kwa utulivu ni za kawaida, hakuna mashua ya mbao isiyovuja. Maji yanayochotwa kwa haraka kabla hata chombo hakijaondoka ni habari nyingine. Tazama na majaketi: si kama yapo, bali kama mikanda yake inafungika, na kama kuna ya kimo cha mtoto. Jaketi la mtu mzima juu ya mtoto wa miaka sita humtoka akiingia majini, likaelea peke yake.

Pingamizi la tatu linauma, kwa sababu ni la umaskini na si la ujinga. Watu husema: tumetoka mbali, tumejibana mwaka mzima, siku zetu ni tatu, tukivunja safari ya leo hatuna kesho. Nalielewa, na sitaki kulijibu kwa wepesi. Ila naona chanzo chake kiko kwenye ratiba tuliyoiandika Manyoni. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dodoma na Dar es Salaam kwa chini ya saa nne kwa ile ya haraka, na kutoka Manyoni hadi Dodoma ni basi la asubuhi tu. Safari ya nchi kavu iliyokuwa ya kuchosha sana sasa ina saa na dakika. Ni neema kubwa, lakini imetuzoesha kitu cha hatari: tunaichukua saa ya treni na kuipeleka baharini. Treni hutii ratiba kwa sababu reli imefungwa chini na haisogei. Bahari haina reli. Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, hata meli kubwa za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na kila mwenye tiketi alikaa. Kama meli zenye injini za maelfu ya farasi hukubali kupoteza siku, safari ya mashua isiyo na siku ya akiba imekosewa tangu mwanzo. Mwenye siku tatu apange safari moja ya majini, aipangie siku ya kwanza, ili ikivunjika ya pili na ya tatu zipo. Wengi hufanya kinyume: huweka mashua siku ya mwisho kama zawadi, na siku ya mwisho ndiyo ambayo hakuna mtu anayekubali kusema hapana.

Wengine wakishasikia yote haya husema basi, afadhali tubaki ufukweni, wengi wetu hatujui kuogelea. Hao nao siwaungi mkono, tena wao ndio ningependa zaidi wapande. Mtu aliyekulia kwenye nchi kame anapoiona Unguja kutoka majini hupata kitu ambacho ufukweni hakipo: huona kwamba mji ule umeipa bahari uso na bara umeipa mgongo, na ndipo anapoelewa meno ya tembo yaliyobebwa mabegani kupitia Mgunda Mkali yalikuwa yanakwenda wapi. Changuu ina jengo la gereza la miaka ya 1890 ambalo halikuwahi kuwa gereza, likaishia kuwa sehemu ya karantini ya wasafiri, na chini ya miti yake wanatembea kobe wakubwa ambao wazee wao wanne waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Mtoto anayemlisha kobe jani na kuiona shingo ile ikinyooka taratibu, ngozi imekunjamana kama gome la mbuyu, amegusa kwa mkono wake kiumbe ambaye huenda alizaliwa kabla ya babu yake. Chumbe ina mnara wa taa wa mwaka 1904 na matumbawe yaliyolindwa tangu 1994, ambako wavuvi wa zamani ndio waliofundishwa kuwa walinzi. Huko wageni hupokewa wachache, na muda wa kuogelea juu ya matumbawe huamuliwa na maji. Mwenye kwenda kusini zaidi ana Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, na kutoka Kilwa Masoko ni mvuko mfupi. Nani angetaka mtoto wa Manyoni aishie kuvisoma tu?

Kizimkazi nako hesabu ya kurudi inagusa wasio abiria. Pomboo wa huko waliwahi kuvuliwa kwa ajili ya chambo, mpaka miaka ya 1990 watu walipoona kwamba mgeni hulipa zaidi kumtazama akiwa hai. Ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini watafiti waliowafuatilia wameona kwamba boti zikiwazonga, pomboo hupumzika kidogo na kula kidogo, na hutumia muda mwingi kusogea tu wakikwepa. Boti huwazonga kwa nini? Kwa sababu kila kundi lina saa moja, na papasi ameahidi. Ahadi ya kuona ndiyo inayomkimbiza nahodha juu ya migongo yao. Abiria anayesema tusipowaona si neno, tutarudi na bahari yetu salama, anawapumzisha pomboo na nahodha kwa pamoja.

Shule zetu ndizo zinazonihangaisha zaidi, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuuliza maswali haya, na mwalimu aliyekusanya michango ya wazazi hulemewa na deni la kuonyesha kila kilichoandikwa kwenye barua ya safari. Barua hiyo ibadilishwe. Isiandike Changuu Jumatano. Iandike Changuu asubuhi ya kwanza ambayo bahari itaruhusu, na iseme wazi kwa mzazi kwamba huenda isiruhusu kabisa. Mzazi wa Manyoni ataelewa. Mvua haijawahi kumwahidi tarehe. Kisha mwalimu achague wiki kwa mwezi. Akiondoka siku mbili kabla haujawa mpevu, atafika Unguja bamvua inapoanza. Asubuhi maji yanatoka, upepo bado haujakaza, na mnamo saa nne watoto wanashuka Nakupenda juu ya mchanga mkavu, kila mmoja amevaa jaketi linalomtosha. Saa sita wanahesabiwa na kupanda. Saa saba mchana chombo kiko Forodhani, bahari nyuma yao ikianza kupata ukungu wa povu, na nahodha anafunga kamba akiwa bado ana mwanga wa saa tano mbele yake.